Prefe Hajengi Kando ya Maji

Niseme mapema, msije mkanitarajia ushujaa. Katika ule mchezo wa falme wa kwenye kompyuta, ambapo unajenga kijiji, unalima, unakata kuni, unaunda jeshi, kisha unakwenda kumvunjia mwenzio nyumba, mimi sikuwahi kumshinda Prefe. Si kwamba nilishindwa mara nyingi. Nilishindwa zote. Tulianza na toleo la zamani nililolijua tangu ujana wangu, nikapigwa. Tukahamia lililofuata, nikapigwa kwa picha nzuri zaidi. Kwa hiyo niliposikia toleo jipya limetoka, nilifurahi kama mtu aliyeambiwa kesi yake itasikilizwa upya na hakimu mwingine.

Tunamwita Prefe kwa sababu alikuwa prefe wa nidhamu, yaani mkuu wa nidhamu, kwenye sekondari niliyosoma, na cheo hicho hakikwenda pensheni pamoja naye. Nyumba yake ilikuwa Gatumba, bondeni kando ya mto. Mto ulipopanda ukaingia hadi madirishani, alikuja mtaani kwetu Mutakura na godoro, redio na sanduku la vitabu, akakaa kwenye aneksi yetu, chumba na sebule ndogo nyuma ya nyumba yangu. Mke wangu aliponiambia kuna mzee mstaarabu anataka kupanga, sikuuliza ni nani. Siku alipofika nilifungua geti, nikamwona, na mkono wangu ukaenda wenyewe kuchomekea shati. Nina watoto, nina kicheo changu ofisini, nina upara unaoanza. Nilichomekea shati.

"We," akasema akinitazama juu hadi chini. "Dawati ya Nyuma."

Jina langu hakulijua, na sidhani kama amelijua hadi leo. Wanafunzi aliwakumbuka kwa mahali walipokaa. Kuna mkubwa mmoja hapa mjini, gari lake linafunguliwa mlango na mtu mwingine, lakini kwa Prefe anaitwa Dirishani. Siku moja tulikutana naye kanisani na Prefe akamwita hivyo hivyo, mbele ya walinzi wake. Yule mkubwa akaitika, "Ndiyo, Prefe," na akaacha kutafuna pipi yake ya bazoka.

Sasa huyu mtu alifikaje kwenye vita vya kompyuta? Alikuja kurudisha ndoo. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, mimi niko sebuleni napigana na kompyuta yenyewe, tena kwenye ngazi ya watoto, nayo inaniweza. Prefe hakuondoka. Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, kama zamani akipita kati ya madawati saa ya etidi, ile ya kujisomea jioni. Nikajikuta nimekaa wima.

"Yule iko nafanya nini?" akauliza.

"Nani, Prefe?"

"Yule mutu mwenye kusimama kando ya muti."

"Anangoja kazi."

"Anangoja! Na huyu? Na hawa bote hapa nyuma ya kanisa?" Akaweka ndoo chini, akavuta kiti. "Leta hiyo kitu."

Kama hujawahi kuucheza, siri ya mchezo huu si vita hata kidogo. Siri ni kwamba asiwepo mtu anayezurura. Kila raia awe shambani, msituni au machimboni, na askari watakuja wenyewe baadaye. Mimi ni mtumishi wa ofisi, na raia wangu walizurura kwa kumfuata vizuri mfalme wao. Prefe alikuwa ametumia maisha yake yote kufukuza wazururaji nyuma ya vyoo vya shule. Mchezo huo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili yake, ila watengenezaji hawakumjua tu. Jioni hiyo aliishinda kompyuta, akachukua ndoo, kisha akakumbuka kuwa alikuja kuirudisha, akaiacha. Jumapili iliyofuata alirudi amevaa tai.

Prefe hachezi bila tai. Nikampa kompyuta yangu nzuri, mimi nikachukua ile ya kuukuu iliyotupwa ofisini, tukaziunganisha kwa waya, tukaketi tunatazamana mezani. Kabla ya kuanza anapangusa kipanya kwa leso. Halafu, na hapa ndipo nilipokuwa nikidhani nimempata, hawatumi raia wake kazini upesi kama wachezaji wote wa duniani wafanyavyo. Anawapanga kwanza mstari mbele ya boma, kama shuleni asubuhi bendera ikipanda. Wamesimama pale, jua linawaka, muda unakwenda, mimi upande wangu nimeshaua mbuzi wawili. Ndipo anawatawanya mmoja mmoja. Nilimwambia, "Prefe, unapoteza wakati." Akajibu bila kuinua macho, "Mutu mwenye hajui kwa nini ameamuka, hata kazi akiifanya, ataifanya vibaya." Baada ya nusu saa farasi wake walikuwa wananywa maji kwenye kisima changu.

Misemo alikuwa nayo tele, na yote ilinichoma mimi. "Vita inaanza mu sahani." "Debe tupu ndiyo yenye kelele," hiyo ni nikianza kupiga tarumbeta za jeshi. Siku nilipotengeneza tembo wa vita, kundi zima, nikajiona sultani, nilikuwa nimejenga ukuta mnene kuzunguka mji wangu na geti moja jembamba. Tembo wakakwama getini, wa mbele hatoki, wa nyuma anasukuma, raia wamebanwa katikati hawafiki shambani. Nilikufa njaa na jeshi langu lote ndani. Prefe hakurusha hata mshale. Aliegemea kiti akanitazama nikihangaika, akasema kwa upole kabisa, "Dawati ya Nyuma, kumbe unajipigaka vita mwenyewe." Mke wangu alicheka hadi akaenda kukaa jikoni.

Lakini alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Huyu ndiye aliyetupokonya karata shuleni na kutukatisha majani uwanja mzima, akisema michezo ya kukaa inaozesha mwanaume. Nilipomkumbusha, alinijibu kwamba karata ni karata na hii ni utawala. Ndani ya mchezo alikuwa mkali kama upupu, hasamehi mzururaji. Lakini akishinda, hachomi kanisa, na nyumba moja anaiacha imesimama. "Watu balale wapi?" anasema. Kompyuta haitoi alama yoyote kwa wema huo. Na akipoteza raia, hata mmoja aliyeliwa na mbwa mwitu kwenye kuni, ananyamaza kidogo kabla hajaendelea, na mimi nanyamaza naye, ingawa mara nyingi nilikuwa natumia ukimya huo kusogeza mishale.

Lilipokuja toleo jipya, nililetewa kwenye flashi na binamu yangu aliyetoka safari. Eh! Lilikuwa zuri, jamani. Nyasi zinacheza, moshi unatoka jikoni, kila ufalme una lugha yake, na cha muhimu kuliko yote, mambo yamebadilika. Vitufe vimehama. Ng'ombe hawachungwi kama zamani. Nikajiambia, sasa sote ni wanafunzi wapya, Prefe na uzee wake atazamie wapi? Sikumwambia upesi. Nilijifunza kwa siri ofisini saa ya chakula, nikatazama video za vijana wa nchi za mbali wanaobonyeza kwa kasi ya mashine ya kushonea. Nikaandaa na hotuba fupi ya ushindi, ya unyenyekevu, yenye kumsifu mzee. Hotuba hiyo ninayo bado, haijatumika.

Yeye alifanya nini? Aliomba maelekezo ya Kifaransa, akayasoma siku kadhaa kibarazani kwake, miwani puani, kana kwamba ni waraka kutoka wizarani. Alinipigia kelele mara moja tu, kuuliza kama neno fulani ni mundu au shoka. Jumapili akaja na tai. Raia wakasimama mstari. Sihitaji kuwaeleza yaliyofuata. Niseme tu kwamba katika toleo jipya moshi wa nyumba inayoungua umechorwa kwa ustadi mkubwa, na mimi niliuona wote.

Kitu kimoja tu ndicho kilichonipa tumaini. Prefe hajengi kando ya maji. Katika mchezo huu samaki ni chakula cha bure, na mwenye akili hukimbilia ufukweni mwanzo kabisa. Yeye, ziwa likiwa hapa, mji wake ataupeleka kule, kwenye mwinuko, hata kama kule hakuna kuni wala dhahabu. Mara moja kompyuta ilimweka ufukweni kwa bahati, akahamisha watu wote, mizigo na mbuzi, akala hasara kubwa, na bado akanishinda. Sikumwuliza sababu. Mtu ambaye aliona sufuria zake zinaelea sebuleni huhitaji kumwuliza. Ila nilianza kuchagua ramani zenye maziwa, naona haya kidogo kulisema, na nikajifunza kuunda mashua.

Halafu zikaja habari kwamba anaondoka.

Binti yake anakaa Kinanira, kule mlimani kusini mwa mji, na kwa muda mrefu alikuwa anataka kumchukua. Kiangazi kilipoanza alikuja na gari, akakuta tumeketi kibarazani. Ni dada mwenye heshima, aliongea akiwa ameinamisha kichwa.

"Papa, chumba iko tayari. Kule maji haipandi."

"Ni kweli, haipandi," akasema Prefe. "Ila mi ndiyo nimechoka kupanda. Narudia Gatumba. Majirani bamerudia, banajenga."

Binti alinitazama mimi, kama vile ningeweza kumwamuru Prefe jambo. Nikajikaza nikasema, "Prefe, we hata mu mashini haujengi karibu na maji. Sasa Gatumba, mvua ikirudi?"

Alitoa leso akafuta miwani, nikadhani nimemshinda walau kwa maneno.

"Mule mu mashini," akasema, "hakuna mutu wangu mwenye kuzikwa."

Mke wake yuko makaburini kule Gatumba. Binti akafuta macho, akarudi kwenye gari bila kubishana tena. Na mimi nikabaki na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja: nilitaka nimshinde kabla hajaondoka, na nilitaka asiondoke. La kwanza ndilo nililokuwa nalisema kwa sauti. Nilimwambia kila mtu, ofisini, kwa kinyozi, kwamba Jumapili ya mwisho Prefe ataaga Mutakura akiwa ameshindwa. Mke wangu akaniambia nina roho ya kitoto. Nikamwambia ndiyo, na bado ni yangu.

Hapa lazima nieleze adabu yetu moja, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu Burundi mgeni hainuki tu akaenda. Anasaba njia. Anasema, "Mwenye nyumba, naomba njia," na mwenye nyumba akiona bado ni mapema ana haki ya kumnyima, "apana, kaa kwanza," na mgeni atakaa. Akikubaliwa, anapewa kinywaji cha mwisho, agashinguracumu, yaani cha kung'oa mkuki, kwa kuwa mababu waliacha mikuki yao imechomwa nje mlangoni. Prefe aliiingiza adabu hiyo kwenye mchezo. Aliyeshindwa habonyezi kitufe cha kusalimu amri kama mtu anayekimbia deni. Anaweka mikono magotini, anamwomba mshindi njia, mshindi anampa, ndipo anabonyeza, na anamiminiwa cha kung'oa mkuki. Mimi nimesaba njia katika nyumba yangu mwenyewe mpaka watoto wangu wanaigiza sauti yangu. Nimekunywa cha kung'oa mkuki hadi nikapata kitambi, na mkuki wenyewe sijawahi kuurusha ukagonga kitu.

Jumapili ya mwisho ikafika. Mizigo yake ilikuwa imefungwa, sanduku la vitabu limeshawekwa mlangoni. Nilichagua ramani yenye ziwa kubwa katikati. Alipoiona akatabasamu kidogo tu, akapangusa kipanya. Raia wakasimama mstari. Mimi nikakimbilia kuni za mashua.

Nilipotuma mtu wangu kupeleleza, nilidhani macho yananidanganya. Prefe alikuwa amejenga ufukweni. Si karibu na ufukwe, ufukweni kabisa, nyumba zinagusa maji, mashamba yamefuatana na mchanga, kanisa limetazama ziwa. Hakuweka hata ukuta upande huo. Nikajiambia ni mtego. Nikasubiri. Hakukuwa na mtego. Raia wake walikuwa wanavua samaki, wanalima, kila mtu ana kazi yake, mji mzuri kuliko yote aliyowahi kujenga.

Ndugu zangu, niliuvamia kwa mashua. Sitasema uongo, nilipiga yowe la furaha, mke wangu akaja mlangoni na sahani mkononi. Nyumba zikaanguka moja baada ya nyingine. Prefe alipiga kengele ya boma, akakusanya watu, akapigana vizuri, lakini alikuwa amenipa upande mzima. Kanisa likabaki. Mimi pia nimejifunza kuacha kanisa. Mwishowe akabaki na raia mmoja tu, amesimama kwenye mchanga, na askari wangu wamemzunguka.

Prefe akaondoa mkono kwenye kipanya. Akanyoosha tai. Akaweka mikono magotini.

"Mwenye nyumba," akasema, "nasaba njia."

Maneno hayo niliyasubiri tangu ile siku ya ndoo. Nilikuwa nimeyaota. Na yalipofika, nilitazama mji ule kando ya maji, umevunjika, na mzee mwenye mizigo iliyofungwa ananiomba ruhusa ya kwenda, na nikaona kwamba nikisema ndiyo nitakuwa nimempa njia zote mbili, ya mchezo na ya Gatumba. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa yeye mwenyewe.

"Apana," nikasema. "Bado. Kaa kwanza."

Mke wangu alinitazama kama mtu aliyesikia mbwa akiongea.

"Nimeshindwa, Dawati ya Nyuma. Uko naona. Nasaba njia."

"Naona. Njia sijatoa."

Aliondoa mikono magotini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko ambacho sisi wanafunzi wake tungetoa pesa kukisikia.

"Basi unajua," akasema, "mwenye kunyima mugeni njia analazimishwa kumulisha."

Nikauhifadhi mchezo ulivyokuwa, raia wake mmoja kwenye mchanga, nikafunga kompyuta. Tulikula ndagala, yaani dagaa, na ugali. Alikula vizuri. Katikati ya chakula nikamwuliza kwa nini alijenga pale.

"Nilitaka kuona kama nitaogopa."

"Na uliogopa?"

"Sana." Akachovya tonge. "Nitajenga tu. Nitanyanyua musingi, hivi." Akaonyesha kwa mkono, juu kidogo ya meza. Nilitamani auinue mkono zaidi, lakini hakuuinua.

Kesho yake gari dogo la mizigo likaja. Getini akasaba njia tena, ile ya kweli sasa, kwa maneno yote kamili na kofia mkononi. Mwenye nyumba anaruhusiwa kumchelewesha mgeni, haruhusiwi kumfunga. Nilimpa njia. Mke wangu alimmiminia Fanta kwa kuwa ilikuwa asubuhi, akainywa yote amesimama, akapanda mbele kando ya dereva. Nilisimama getini mpaka gari likapotea.

Mvua zimerudi sasa. Zikinyesha sana nampigia simu nikiwa kazini, wenzangu wanadhani nina dharura. "Prefe, maji?" namwuliza. "Iko mahali pake," anajibu, au "Imekuja kuchungulia, imerudia." Siku nyingine hapokei, na siku hizo sifanyi kazi yoyote ya maana mpaka apige. Binti yake wa Kinanira na mimi tumezoeana kwa simu hizo hizo.

Majuzi tulikuwa na wageni, wawili kati yao tulisoma pamoja, na mazungumzo yakamfikia Prefe, kama kawaida. Mke wangu, ambaye hawezi kuacha nafasi ya kunichokoza mbele ya watu, akasema kwamba mume wake alikuwa na vita kubwa na Prefe Jumapili ya mwisho, waulizeni. Wakaniuliza kwa pamoja, wanacheka tayari: nani alishinda?

Mchezo ule uko palepale kwenye kompyuta. Askari mmoja akichomoa upanga, umekwisha, nami nina ushindi wangu.

"Bado tunacheza," nikawaambia.